Sura ya Tisa: Mto Usiopanda Jumamosi

Inspekta Mwirigi alihesabu mawe ya kuvukia mara mbili, akienda na akirudi. Yalikuwa kumi na tisa. Lililokuwa chini kuliko yote lilikuwa la kumi na moja, katikati ya mto Thuci, na maji yalipita sentimita kumi na nane chini ya uso wake. Aliandika tarakimu hiyo katika daftari, kisha akaandika saa: saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatano, Juni 6, 1979.

"Afande," Sajenti Muriithi alimwita kutoka ukingoni, "nyinyi Wameru mkimaliza kuhesabu mawe, mtahesabu na samaki?"

"Samaki hawajatajwa katika jalada."

Mwirigi alirudi ukingoni na kuinama mbele ya geji ya mto. Ilikuwa ubao wa chuma uliochorwa mita na sentimita, umefungwa kwenye nguzo ya zege hatua kumi juu ya mawe. Maji yalisimama kwenye sifuri nukta nne mbili. Alijumlisha kumi na nane.

"Geji ikifika nukta sita, jiwe la kumi na moja linazama," alisema. "Ikifika nukta nane?"

"Hapo hata ng'ombe havuki. Maji ya hapa yanakimbia, afande. Hayaonekani, lakini yanakimbia."

"Basi swali ni moja tu. Aprili 21, alasiri, geji ilikuwa wapi?"

"Hilo si swali. Kitabu cha geji kimesema. Nukta nne."

Mwirigi alifunga daftari. Alikuwa ametumwa kutoka Embu kufunga jalada, na jalada lilikuwa karibu kufungika lenyewe. Asubuhi ya Jumamosi, Aprili 21, Karani wa Baraza la Mji wa Kathanga, Bwana Riungu, alivuka mto akiwa na tarishi wake Njue, aliyembebea mnyororo wa kupimia ardhi. Riungu hakurudi. Mei 28 wachimba mchanga waliukuta mwili wake umenaswa kwenye mizizi ya mkuyu, kilomita tatu chini ya mji. Daktari alisema fuvu lilipasuliwa kutoka nyuma kwa kitu kizito, na kwamba pigo lilitangulia maji.

Siku ya pili Njue alikamatwa. Maelezo yake yalijaa ukurasa mmoja. Saa sita mchana, alisema, Karani alimtuma kwa mzee mmoja upande wa Tharaka, mwendo wa saa moja na nusu, amuulize habari za mpaka wa zamani. Aliporudi mtoni saa tisa hakumwona Karani, na mto ulikuwa umejaa, mawe hayaonekani. Alidhani Karani amevuka mapema. Akaenda kulala kwa wakwe zake ng'ambo ileile hadi Jumatatu alfajiri, maji yalipopungua.

Siku mbili baadaye Diwani Gichovi aliandikisha yake. Jumamosi hiyo, alisema, yeye mwenyewe alivuka kutoka ng'ambo saa tisa na nusu, mawe makavu, hakuvua hata viatu. Aliketi ukingoni kupumzika. Saa kumi akamwona Njue akivuka nyuma yake, peke yake, akitembea upesi kama mtu anayefuatwa.

Kati ya watu hao wawili kilisimama kitabu cha geji, na kitabu kilikuwa upande wa diwani. Keshokutwa saa tatu Njue angesimama mbele ya hakimu kwa shtaka la mauaji, na adhabu ya shtaka hilo ni moja.

"Watu wa ng'ambo wanasemaje kuhusu mto?" Mwirigi aliuliza.

"Niliuliza kumi na mmoja. Wanne walisema ulijaa Jumamosi. Watatu wakasema Ijumaa. Wanne wakasema Aprili yote ilikuwa maji, wao hawaweki kalenda. Na wawili kati ya wale wanne wa Jumamosi ni wakwe za Njue." Muriithi aliinua mabega. "Hakimu atachukua maandishi."

"Hakimu atafanya vizuri. Maandishi yakiwa sawa."

Kabla ya kuondoka Mwirigi alisimama kidogo akitazama ng'ambo. Ukingo wa huko ulikuwa tambarare ya mchanga mwekundu, miti ya mgunga, na mashamba machache ya mtama. Ekari arobaini hivi. Mafuriko ya mwaka 1961 yalikata shingo ya kona ya mto, na kipande hicho kilichokuwa Embu kikaamka kikiwa ng'ambo, kimegusana na Meru. Baraza la Mji halikukiacha. Lilikifanya wadi, likaiita Wadi ya Ng'ambo, na watu wake tisini walichagua diwani kama wadi nyingine zote. Baraza lilikuwa na madiwani tisa. Wanne walimfuata mwenyekiti, wanne walimpinga, na wa tisa alikuwa Gichovi wa Ng'ambo. Kwa miaka mitano hakuna bomba, kibanda wala kiwanja kilichogawiwa Kathanga pasipo yeye kuombwa.

Uchaguzi ulikuwa unakuja mwisho wa mwaka. Riungu alikwenda Ng'ambo kutafuta mawe mawili ya mpaka ya zamani. Yakipatikana, wadi ingebaki. Yasipopatikana, mpaka ungekuwa mto, na wadi isingekuwapo, wala kiti cha Gichovi.

* * *

Nje ya kituo cha polisi Wambeti, mke wa Njue, alikuwa ameketi juu ya gunia na bakuli la enameli lililofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa hapo kwa siku ya tisa. Mwirigi alipopita, mwanamke huyo alisimama.

"Afande. Bwana yangu hajui kuogelea. Hiyo tu ndiyo nataka uandike."

Mwirigi alitoa daftari, akaandika. Akamwonyesha mstari. Wambeti aliusoma polepole, akaketi tena.

Ofisi za Baraza zilikuwa juu ya mgongo wa kilima, nusu kilomita kutoka mtoni. Mji wote ulikuwa huko: mtaa mmoja wa maduka, soko, makanisa matatu, tangi la maji. Tangu bomba lifike hakuna aliyekuwa na haja ya kushuka mtoni isipokuwa wachimba mchanga na wenye kuvuka. Kutoka dirisha la ofisi Thuci haukuonekana kabisa.

Kawira, mpiga chapa, ndiye aliyebaki na funguo tangu Karani alipopotea. Alikaa katika nyumba ya Baraza nyuma ya ofisi. Aliweka kitabu cha geji mezani, kikubwa, jalada la kijani, kisha akaleta vikombe vitatu vya chai.

"Kunyweni. Leo chai ni ya kutosha, mzee Ndambiri amekuja na kwenda."

"Ndambiri ni nani?"

"Si ndiye mwenye hiyo kitabu? Anasoma geji saa tatu na saa tisa, halafu kila Ijumaa jioni analeta kitabu hapa, Jumapili anakichukua. Tangu Sajenti akichukue Mei 29 kiko hapa, leo mzee alikuja kuuliza kama polisi wamekimaliza. Nikamwambia aketi anywe chai, akasema nimpe maji moto. Maji moto! Miaka sita niko hapa, huyo mzee hajawahi kuonja chai yetu. Nilidhani ni mimi sijui kupika."

Muriithi alicheka. Mwirigi alikuwa amekwisha kufungua kitabu kwenye Aprili. Kurasa zilikuwa na safu nne: tarehe, saa tatu, saa tisa, maoni. Mwandiko ulikuwa mmoja, mdogo, ulionyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Ijumaa tarehe 20: nukta nne tatu, nukta nne mbili.
Jumamosi tarehe 21: nukta nne moja, nukta nne sifuri.
Jumapili tarehe 22: nukta nane nane, nukta saba tisa.
Jumatatu tarehe 23: nukta tano sita.

"Ulijaa baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili," Muriithi alisema juu ya bega lake. "Njue alichukua mafuriko ya kweli akayasogeza mbele masaa machache. Waongo wazuri hufanya hivyo."

Hilo lilikuwa na mantiki. Wazo la kwanza la Mwirigi lilikuwa kwamba kitabu kimechezewa. Alihesabu kurasa, hakuna iliyokosekana. Aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, hakuna palipokwaruzwa. Wino wa Jumamosi ulikuwa uleule wa Ijumaa, bluu iliyofifia, na Jumapili ilianza na kalamu nyeusi. Aliuliza nani mwingine amekishika kitabu.

"Mimi," Kawira alisema. "Na Sajenti. Na Mheshimiwa Gichovi, alikitaka siku moja, akasema ni mambo ya bomba."

"Siku gani?"

Kawira alifungua daftari la barua na faili zilizotolewa, akapitisha kidole. "Mei 30. Alisoma hapa kwa kaunta. Hakukaa. Dakika tano."

Mwirigi aliandika. Njue aliandikisha maelezo Mei 29. Gichovi aliandikisha yake Mei 31. Alimtazama Muriithi.

"Diwani alijuaje tarishi amesema nini kuhusu mto?"

Sajenti aligeuza kikombe chake. "Mji ni mdogo, afande. Mtu anaulizwa hotelini, anajibu."

"Mtu gani?"

"Mimi," Muriithi alisema, na hakucheka tena kwa muda mrefu.

Lakini kusoma kitabu si kukichezea. Dakika tano hazitoshi kuiga mwandiko ule. Mwirigi alivuta kiti karibu na dirisha akaanza kusoma nyuma, Machi, Februari, Januari, akitaka kujua mto huu hupanda kwa kasi gani na hushuka kwa siku ngapi. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kawira aliendelea kupiga chapa, na kati ya mstari na mstari alisimulia habari za mji bila kuulizwa.

"Hata ile wikendi Karani alipotea, mimi kuku wangu alitaga chini ya gari la Mheshimiwa. Ile pikapu ya bluu. Ilisimama hapo mlangoni tangu Jumamosi asubuhi, Jumapili tukapita tukienda kanisani iko, Jumatatu nafungua ofisi iko. Mayai mawili! Nikamwambia, Mheshimiwa, ukiendelea kuacha gari hapa nitakuwa tajiri."

"Alisema nini?"

"Akasema betri ilikufa. Halafu akapanda, akaiwasha mara moja, akaenda. Na mayai yangu moja akaipasua."

Mwirigi aliandika pia hilo, neno kwa neno. Kisha akarudi kwenye tarakimu. Alipofika Novemba ya mwaka uliopita, alisimama. Akarudi mwanzo, akachora safu saba katika daftari lake, moja kwa kila siku ya juma, na kila mahali mto ulipopanda aliweka mstari mdogo.

Saa ilipita. Alipomaliza mwaka mzima alikuwa na mistari arobaini na mitatu. Jumapili ilikuwa na kumi na mitano. Jumatatu mitano. Jumanne sita. Siku nyingine mitano, sita, sita. Safu ya Jumamosi ilikuwa tupu.

Alimwomba Kawira vitabu vya zamani. Vilikuwa vitatu, kabatini, vya tangu mwaka 1968. Hakuhesabu kila siku sasa, alitazama Jumamosi peke yake. Katika miaka kumi na mmoja Thuci haukuwa umepanda Jumamosi hata mara moja. Jumamosi ulishuka sentimita moja asubuhi na sentimita moja alasiri, kwa adabu, masika na kiangazi.

"Sajenti," alisema, "ni mtu gani Kathanga hanywi chai?"

Muriithi alifikiri ni mzaha, akaanza kutabasamu, kisha akaacha. "Wasabato," alisema.

* * *

Mwirigi hakwenda kwa mzee moja kwa moja. Alikwenda kwanza posta, akaomba simu ya kituo kinachosoma geji ya pili ya mto huohuo, kule juu kwenye daraja la barabara ya Embu kwenda Meru. Alingoja dakika ishirini. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

"Nisomee Aprili 11 na Aprili 21. Saa tatu asubuhi."

"Kumi na moja ni Jumatano. Mita moja nukta tano sifuri. Ishirini na moja ni Jumamosi." Karatasi zilipinduliwa. "Mita moja nukta saba mbili. Mvua ya mlimani hiyo, usiku. Ilianza kupanda alfajiri."

"Uliisoma wewe mwenyewe?"

"Sasa ingesomwa na nani, afande? Paka?"

Mwirigi alifungua daftari. Jumatano, Aprili 11, daraja lilikuwa mita moja na nusu saa tatu asubuhi, na saa tisa siku hiyohiyo kitabu cha Kathanga kilisema nukta tisa nane. Maji yalihitaji saa tano au sita kufika Kathanga kutoka darajani. Jumamosi, Aprili 21, daraja lilikuwa juu zaidi ya hapo. Saa tisa alasiri geji ya Kathanga haingeweza kuwa nukta nne. Ilikuwa zaidi ya mita.

Alilipa simu, akadai risiti.

* * *

Mzee Ndambiri alikuwa akipalilia pojo nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka kama sitini na mitano, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alipowaona aliweka jembe chini, akanawa mikono, akawaletea viti viwili, yeye akabaki amesimama.

"Mmekuja kwa sababu ya kitabu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nitakuuliza maswali machache, na Sajenti ataandika. Ni nani aliyekuajiri?"

"Wizara ya maji. Mwaka wa sitini na nane."

"Unasoma geji kila siku?"

"Saa tatu na saa tisa."

"Kila siku, mzee?"

Ndambiri alitazama mikono yake. Mbuzi alilia mahali fulani nyuma ya ua, akanyamaza.

"Siku sita," alisema.

Muriithi aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Mwirigi alimwashiria aendelee kuandika.

"Na siku ya saba?"

"Naiandika Ijumaa saa tisa, kabla jua halijaingia. Natazama mto, naona unaendaje, naandika ya kesho. Mwaka ule wa kwanza niliacha nafasi wazi. Barua ikaja. Ikasema msomaji akiacha nafasi wazi tena, atatafutwa mwingine. Nikaomba wanipe mtu wa kunisaidia Sabato tu. Hawakujibu." Alitazama pojo zake. "Nikasoma habari ya mana. Siku ya sita wana wa Israeli waliokota sehemu mbili, wakaweka moja ya kesho, na haikuoza. Nikasema, mimi pia nitaokota sehemu mbili."

"Jumamosi, Aprili 21, uliuona mto?"

"Nilikuwa kanisani tangu asubuhi mpaka jua kuingia. Kanisa letu liko huku juu. Sikuuona."

"Jumapili ulipokwenda, uliona nini?"

"Matope kwa geji." Aliinua kiganja usawa wa kifua chake. "Yamekauka. Mita moja na zaidi. Mto ulikuwa umepanda ukaanza kushuka."

"Kwa hiyo Jumapili ulijua kwamba Jumamosi umeandika uongo."

"Nilijua."

"Hukurekebisha."

"Ningefuta moja, ningeulizwa habari ya nyingine. Ni Jumamosi mia tano na zaidi, afande. Mimi ni mzee wa kanisa. Ninasimama mbele ya watu nikiwafundisha amri kumi, na ya tisa ni ile ya ushahidi wa uongo."

Mwirigi aliacha hilo lipite. Hakuwa amekuja kwa ajili ya kanisa. "Njue amekamatwa tangu Mei 29. Ulijua ni kitabu chako kinachomfunga?"

"Nilisikia sokoni."

"Ni siku tisa. Kituo cha polisi ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa."

"Sajenti alikuja akachukua kitabu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Hakuniuliza kitu. Nikangoja niulizwe. Leo nikaenda ofisini, nikasema, nikimkuta polisi hapo nitasema. Nikamkuta yule msichana tu, akanipa maji moto, nikanywa, nikarudi nyumbani. Nilipita mbele ya mama Wambeti kwenda na kurudi. Alinisalimia."

Muriithi alimaliza kuandika. Mwirigi alisoma maelezo kwa sauti, polepole, bila kuruka neno.

"Ukitia sahihi, mzee, Wizara itapata nakala. Kazi itakwisha. Na yatasomwa kortini, mbele ya kila mtu. Sikulazimishi."

"Kama nisipotia?"

"Nina tarakimu za daraja, na nina Jumamosi mia tano. Wakili mzuri atasema mto wa juu si mto wa chini. Labda hakimu atanisikia mimi, labda atamsikia yeye. Sijui."

Ndambiri alichukua kalamu. Akatia sahihi. Ulikuwa mwandiko uleule mdogo, ulionyooka.

"Mana haikuoza," alisema akirudisha kalamu. "Namba zangu zimeoza."

* * *

Diwani Gichovi alikuwa dukani kwake, amekaa juu ya gunia la mahindi, akipiga hesabu za mabati na fundi mmoja. Alikuwa mnene, mchangamfu, kofia ya manyoya kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Alimfukuza fundi kwa mkono.

"Karibu Inspekta! Mtu wa Githongo, kule baridi ya Meru, umeshuka mpaka kwa joto letu. Soda? Sajenti, mpe ndugu yetu soda, si unajua mahali zinakaa."

"Hapana, Mheshimiwa. Ni kukamilisha tu maelezo yako. Hakimu hupenda yawe kamili."

"Uliza."

"Jumamosi hiyo ulivuka saa tisa na nusu."

"Tisa na nusu."

"Kwa mawe."

"Kwa mawe. Kwani kuna daraja? Hilo daraja nimelipigania miaka mitano."

"Maji yalikuwa kiasi gani?"

"Kidogo tu. Sikuvua viatu."

"Wengine wanasema mto ulikuwa umejaa."

"Wengine! Wakwe za Njue hao." Gichovi alipiga goti. "Inspekta, wewe ni mtu wa shule. Ya nini kubishana na watu wa kunywa uji? Kitabu cha Serikali kiko. Saa tisa, nukta nne sifuri. Kisome."

Muriithi aliacha kuandika kwa sekunde moja, kisha akaendelea.

"Nukta nne sifuri," Mwirigi alisema. "Hiyo imo katika maelezo yako?"

"Iko kwa kitabu."

"Nauliza wewe uliijuaje."

"Mimi ni diwani. Vitabu vya Baraza ni vyangu kusoma."

"Bila shaka. Ulikisoma Mei 30, kwenye kaunta. Kawira ameandika. Tuandike hivyo?"

"Andika. Sina la kuficha."

"Na Jumamosi usiku ulilala wapi?"

"Hapa kwangu, nyuma ya duka."

"Gari lako lilikuwa ofisini hadi Jumatatu."

"Betri ilikufa."

"Tia sahihi hapa, Mheshimiwa. Na hapa, kando ya nukta nne sifuri."

Gichovi alitia sahihi mara mbili, kwa madaha, na mkia mrefu chini ya jina. Mwirigi alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Kitabu hicho," alisema, "Jumamosi huandikwa Ijumaa. Mzee Ndambiri ni Msabato. Hajawahi kusoma geji siku ya Jumamosi tangu aajiriwe. Nukta nne sifuri ni mto uliokuwa kichwani mwake. Mto wenyewe saa hiyo ulikuwa zaidi ya mita, na jiwe la kumi na moja lilikuwa chini ya maji kwa karibu nusu mita. Nimelipima leo asubuhi."

Gichovi alitazama mfuko wa Mwirigi. Kofia alikuwa ameivua bila kujua, akaishika magotini.

"Mtu aliyekuwa huku mjini angeweza kukosea siku," Mwirigi aliendelea kwa sauti ileile. "Ningemwelewa. Lakini wewe unasema ulivuka. Hukuvuka. Hakuna aliyevuka. Ulikuwa Ng'ambo Jumamosi, Jumapili, hadi Jumatatu maji yalipopungua, kama Njue. Betri iliyokufa siku mbili iliwaka mara moja. Uliposikia tarishi amesema mto ulijaa, ulijua ni kweli, kwa sababu ulikuwa ukiutazama. Ukaenda kuona kama kitabu kinamuunga mkono. Ukakuta kinamkana. Siku iliyofuata ukawa shahidi."

"Hiyo si kuua," Gichovi alisema hatimaye.

"Hapana. Hiyo ni kusema uongo kwa maandishi ili mtu anyongwe. Kuhusu kuua, tutaanza na mahali ulipolala Jumamosi, na ni nani aliyekupa chakula. Ng'ambo kuna watu tisini. Nitawauliza wote."

Muriithi alisimama. "Mheshimiwa," alisema, kwa heshima ambayo haikuwa na mzaha ndani yake, "twende."

* * *

Ijumaa, saa tatu na robo, mahakamani Embu, mwendesha mashtaka aliondoa shtaka dhidi ya Njue. Ilichukua dakika nne. Njue alitoka nje akiwa amekonda, akasimama juani kama mtu asiyejua aelekee wapi, hadi Wambeti alipomshika mkono wa shati na kumpa bakuli. Aliketi kwenye ngazi za mahakama akala chakula chote bila kuinua kichwa.

Mzee Ndambiri alikuwa amekuja pia, kwa miguu yake, ingawa hakuitwa. Alisimama mbali kidogo. Wambeti alimwona. Alimtazama kwa muda, na safari hii hakumsalimia.

Jumatatu Mwirigi alirudi Kathanga kuchukua kitabu cha geji kama kielelezo. Kawira alikileta kaunta, kimefungwa kwa uzi. Barua ya Wizara ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo mzee alikuwa amerudishiwa kitabu akaendelea na kazi hadi Jumapili.

Mwirigi alifungua ukurasa wa mwisho kuhakikisha hali yake kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Ijumaa, Juni 8, ilikuwa na tarakimu moja tu, ya saa tisa. Asubuhi mzee alikuwa Embu, mahakamani. Jumapili ilikuwa na tarakimu mbili. Kati yazo, mbele ya Jumamosi, Juni 9, nafasi zote mbili zilikuwa wazi, za kwanza za Jumamosi kuachwa hivyo tangu mwaka wake wa kwanza kazini, na katika safu ya maoni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, liliandikwa neno moja.

Haikusomwa.